Mshumaa wa Tarehe Nne

Mwanangu Ciza alibatizwa Jumapili ya tarehe nne mwezi wa sita, na kabla hatujamaliza hata kula wali wa ubatizo alikuwa ameshasababisha Mchina afungiwe akaunti. Leo nalisema kwa utani. Siku zile sikucheka.

Mchina mwenyewe tunamwita Mama Tinti. Jina lake la kazi limeandikwa kwenye kofia lakini hakuna anayeliweza, na kwetu mwanamke mwenye mtoto haitwi jina la kwenye kofia. Anapima udongo na kokoto za barabara pale kambini Runazi. Mimi napika. Huu ni mwaka wa tatu tunaishi mlango kwa mlango, yeye maabara na mimi jikoni, na Kiswahili chake ni cha hapahapa, amekiokota kwa vibarua wa Kisukuma na kwangu mimi, Mrundi wa kuzaliwa Biharamulo. Ukimsikia bila kumwona utadhani ni mtu wa Nyantakara aliyeng'oka jino.

Tinti ni binti yake, ana miaka saba. Anakaa na bibi yake huko kwao China. Mama mtu alipokwenda likizo ya mwaka mpya wao na kurudi tena huku, yule mtoto alinuna. Hakununa siku mbili tatu kama wa kwetu. Alinuna miezi mitatu. Bibi akiweka simu, mtoto anageuka, mama anaongea na kisogo. Nimeshuhudia kwa macho yangu, mama mtu mzima amekaa kwenye ngazi ya maabara anakisifia kisogo kwa nywele zilizosukwa vizuri.

Mwishoni mwa mwezi wa tano Tinti akageuka. Akaweka sheria yake: kila siku, saa mbili usiku kwao, ambayo kwetu ni saa tisa mchana. "Ukikosa siku moja, na mimi nakosa mwaka." Mama Tinti alinitafsiria hayo huku anacheka na kufuta macho kwa kiwiko, maana vidole vilikuwa na udongo. Tangu hapo, saa tisa ikikaribia, hata Mayunga mlinzi alikuwa anamkumbusha.

Sasa njoo kwenye ubatizo.

Watoto walikuwa kumi na wawili. Kigangoni kwetu kila mtoto anawashiwa mshumaa wake, na mzazi wa ubatizo ndiye anaushika. Mama wa ubatizo wa Ciza ni Speciosa, jirani yangu, mtu mnene wa mwili na wa maneno. Kitenge kikamlegea katikati ya ibada. Akamgeukia Mama Tinti, aliyekuja kama mgeni wangu, akamwambia, "Shika, wifi, nisije nikavuliwa nguo mbele ya padri." Mama Tinti akashika. Nikampiga picha, kwa simu yake, kwa mkono wangu huu. Alikuwa amependeza, ule moto chini ya kidevu, nyuma yake mishumaa mingine kumi na mmoja kwenye mstari.

Tulipotoka nje akaitazama, akaandika maneno machache ya kwao, akaituma kwenye ukurasa wake na kwenye kundi la wazazi wa darasa la Tinti.

"Umeandika nini?" nikamuuliza.

"Mshumaa kwa ajili ya mtoto."

Nikaona ni maneno mazuri. Mtu yeyote angeona hivyo.

Saa tisa akaenda kwenye ngazi yake. Mimi nilikuwa nagawa soda kwa wageni pale jikoni kambini. Nikamwona anabonyeza, anaweka simu sikioni, anaitazama, anabonyeza tena. Nikadhani ni mtandao, maana mnara wa Runazi nao una siku zake. Nikamfuata na Ciza mgongoni.

"Wamenifungia," akasema. "Siku thelathini."

"Nani?"

"Programu."

Kule kwao, alivyonieleza, ile programu moja ya kijani ndiyo kila kitu. Ndiyo simu, ndiyo barua, ndiyo pochi, ndiyo daftari la mwalimu wa mtoto. Hivi vya kwetu, WhatsApp na vinginevyo, havifunguki kule, vimewekewa ukuta. Nikamuuliza wameandika kosa gani. Akanisomea: umekiuka kanuni. Kanuni ipi, hawakusema. Lini, hawakusema. Nikamwambia asome tena, pengine kuna ukurasa wa pili. Hapakuwa na ukurasa wa pili.

Habari ikaenea kati ya wageni, na hapo ndipo nilianza kuchoka, maana kila mtu alikuja na dawa yake, na dawa ya wote ilikuwa moja.

"Si ampigie WhatsApp?" akasema Speciosa.

"Kule haifunguki."

"Mbona mimi yangu inafunguka?"

"Wewe uko Runazi."

"Nchi kubwa hivyo, simu zote hizi wanatengeneza wao, halafu WhatsApp wamekosa?"

"Hawajakosa. Wamezuia."

"Wamemzuia nani?"

"Watu wao."

Speciosa akanitazama kama mtu anayeonea huruma mjinga. "Mama Ciza, lala kidogo. Uzazi unachosha."

Alikuja shemeji, akauliza hivyohivyo. Akaja katekista Celestini, shikamoo, marahaba, naye akauliza hivyohivyo. Nikaona heri niandike kwenye ubao nitundike shingoni. Ingawa, nikisema ukweli, na sisi tuliwahi kuonja. Mwaka ule wa uchaguzi, ujumbe ulikuwa hautoki wala hauingii, tukazunguka na simu juu ya vichuguu tukidhani ni mnara. Tofauti ni kwamba kwetu zilikuwa siku chache. Mama Tinti amezeeka na huo ukuta.

Jumatatu tukaanza kukata rufaa. Iko fomu humohumo ndani. Fomu yenyewe inasema: eleza kosa lako, ahidi hutarudia. Mimi nasoma madarasa ya jioni, mwaka huu nategemea kufanya mtihani wa kidato cha nne kama Mungu atapenda, na mwalimu wetu Juvenali hutuambia soma swali mara mbili ndipo ujibu. Swali hili nililisoma mara kumi.

"Wao ndio wanajua kosa," nikamwambia. "Inakuwaje wakuulize wewe?"

"Ndivyo ilivyo."

"Basi andika: kosa langu ni lile mnalolijua."

Akacheka kidogo, akaandika kitu kingine, cha unyenyekevu. Jibu lilikuja upesi kuliko mtu anavyoweza kusoma: maelezo hayatoshi. Akaandika tena. Maelezo hayatoshi. Mara ya tatu: umemaliza nafasi za leo. Saa tisa ikapita tukiwa tumeishika simu kama watu waliokaa na mgonjwa.

Jumanne akajaribu simu ya kawaida. Nilinunua vocha mwenyewe. Haikuita. Akakumbuka kwamba polisi wa mtaa walipita nyumbani kwao kuwafundisha wazee juu ya matapeli, wakawazimia simu zote zinazotoka nje ya nchi. Bibi alifurahi sana siku ile, akapewa na ndoo.

"Ndoo ya nini?"

"Zawadi. Kwa kukubali."

Sikuuliza zaidi juu ya ndoo.

Tukaingia maabara, tukakaa kwenye mifuko ya sampuli, tukafungua picha zake zote za Jumapili tutafute yenye kosa. Mimi nilisema ni ile ya padri, pengine hawapendi dini. Akasema inawezekana, lakini aliwahi kutuma kanisa la Krismasi na halikuguswa. Nikasema ni ile ya Speciosa anacheza, pengine wameona ni mkusanyiko. Nikasema ni ya mbuzi. Wakati huo nilikuwa nimeshakasirika, ningemsingizia hata mbuzi. Ciza alikuwa anatambaa kwenye vumbi la kokoto, anaweka mawe mdomoni, nami namtoa jiwe huku namwuliza mama wa watu kama kwao mbuzi ni siasa.

Akafika kwenye ile picha ya mshumaa. Akaiangalia. Kisha akaangalia tarehe iliyoandikwa juu yake.

"Tarehe nne," akasema. "Mwezi wa sita."

"Ndiyo. Jumapili."

"Siku hiyo mishumaa haipiti."

Nikamwambia sijaelewa. Akasema siku hiyo, kule, hata ule mshumaa mdogo wa kuchora, ule wa kuweka kwenye ujumbe wa pole, unaondolewa. Ukiutafuta huuoni. Kila mtu anajua, mwezi wa tano ukiisha mtu anapunguza maneno mwenyewe, hangoji kuambiwa. Yeye huku miaka mitatu amezoea vibaya, amekaa na watu wanaosema ovyo, tarehe ikampita.

"Kuna nini siku hiyo?"

"Jambo la zamani."

"Jambo gani?"

Akainuka, akafunga dirisha. Nje alikuwepo Mayunga tu, anaosha buti zake kwenye bomba, na Mayunga hata Kiswahili chenyewe anakisema kwa Kisukuma. Lakini alifunga.

"Mimi nilikuwa na mwaka mmoja," akasema. "Mama yangu aliniambia mara moja tu, nikiwa mkubwa. Jikoni. Alifungulia maji kwanza, yapige kelele."

"Walikufa watu?"

Alikuwa anamtazama Ciza. "Wanafunzi. Watoto wa watu," akasema, akafungua tena dirisha, na hilo likawa limeisha.

Nilikwenda nikasonga ugali siku ile nikaunguza. Mwiko ukavunjika. Mkono uliopiga ile picha nilitamani niuache kambini. Halafu nikajiuliza, nani basi ameniambia kwamba kuna siku ambayo mshumaa wa mwanangu ni kosa? Walijificha wapi wenye kuandika kalenda hiyo?

Mchina mwingine pale kambini ni mmoja tu, Injinia Gao, wengine wote wako kambi kubwa upande wa Ngara. Mama Tinti alikuwa ameshamwomba simu Jumapili ileile, akakataa. Jumatano nikamfuata mimi, na bakuli lake la mboga ya chainizi na pilipili mkononi, maana mtu mwenye njaa husikiliza.

"Bosi, dakika tano tu. Aongee na mtoto."

"Mtu aliyefungiwa akitumia yangu, yangu inafungwa." Hakuwa na ukali. "Mama yangu mgonjwa. Dawa zake nalipa kwa hiyohiyo. Ikifungwa, wewe utampelekea dawa?"

Ningeweza kumchukia kama angekuwa mbaya, hiyo ingenirahisishia. Nikageuka niondoke. Akaniita.

"Wewe una simu?"

"Ninayo."

"Wewe hujafungiwa. Wewe ni mtu mpya."

Kumbe hata mimi, Claudia wa Runazi, naweza kufungua akaunti ya Kichina, mradi mtu wa zamani anidhamini kwa kuskani simu yangu. Gao akakubali kunidhamini. Lakini kwanza akanisomea masharti akihesabu kwa vijiti vya kulia chakula.

"Hakuna kanisa. Hakuna mshumaa. Hakuna watu wengi pamoja. Hakuna uchaguzi. Hakuna neno juu ya Jumapili, hata kidogo, hata kwa Kiswahili."

"Naruhusiwa kusema nini?"

"Habari. Nzuri. Chakula kizuri."

"Na shikamoo?"

Akafikiri kwa kweli, vijiti viko hewani. "Shikamoo, sawa."

Nilidhani kazi imeisha. Jumatano yote iliyobaki na Alhamisi asubuhi nilikuwa juu ya lundo la kokoto nyuma ya jiko, ndipo mtandao unaposhika, Ciza mgongoni, nimeshika simu kama mtu anayechunga nyuki. Kwanza inakutaka uvute kipande cha picha ukazibe nacho pengo, kuonyesha kwamba wewe ni binadamu. Nikivuta, mtandao unakatika, inaniambia mimi si binadamu. Nikirudia, namba ya siri inakuja kwa ujumbe wakati muda wake umeshapita. Nikiomba nyingine, inasema nimeomba mara nyingi mno, nije kesho. Mayunga alikuwa anapita chini na rungu lake.

"Mama Ciza, umepandishwa cheo? Naona sasa unasimamia kokoto."

"Nyamaza, nathibitisha kwamba mimi ni mtu."

"Na wamekataa?"

"Mara sita."

"Mwambie mumeo arudi kutoka Ngara aje atoe ushahidi."

Alhamisi saa sita ikakubali. Gao akaja na simu yake, akatazama huku na huku kama mwizi wa kuku, akaskani, akaondoka bila kuaga. Nikawa mtu.

Sasa bibi. Mama Tinti akanipa namba yake, nikatuma ombi la urafiki. Bibi akakataa. Nikatuma tena, na picha ya Mama Tinti amesimama jikoni kwangu. Bibi akakataa, na safari hii akaandika maneno. Mama Tinti akasoma, akaficha uso kwenye kofia.

"Anasema nini?"

"Anasema polisi walimwonyesha kwenye darasa. Mtapeli mweusi, anaiba picha ya binti yako, anaomba hela. Anasema wewe ni mfano wake kabisa."

Nimeitwa mengi katika maisha. Nimeitwa mkimbizi na watu niliozaliwa nao hospitali moja. Lakini mtapeli na mtoto mgongoni, unga wa muhogo mpaka kwenye nyusi, hiyo ilikuwa mpya. Ilikuwa saa nane na nusu, tuko jikoni, na mtandao kwa bahati umeshika. Nikamwambia Mama Tinti aandike kwa mkono wake: uliza kitu ambacho mtapeli hawezi kujua. Nafasi ya mwisho, maana ukikataliwa sana nako wanafunga.

Tukangoja. Wali ulikuwa unaungua, nikauacha uungue.

Bibi akauliza: mjukuu wangu, akilala, anashika nini?

Mama Tinti hakufikiri. Alinyang'anya simu akaandika, na baadaye ndipo akaniambia kwamba Tinti hulala ameshika sikio. Si lake, la mtu aliyelala kando yake. Siku za mwanzo za kunyonya alishika la mama yake, sasa anashika la bibi.

Bibi akakubali. Wala hakungoja tupige. Akapiga yeye.

Kwanza tuliona dari, kisha pua ya mzee, kisha akaanza kulia na kugomba kwa pamoja, vile wanavyofanya mama wote duniani. Nikainamisha kichwa, "Shikamoo, mama," maana nilikuwa nimeruhusiwa. Mama Tinti akasema neno. Bibi akageuza simu.

Kisogo.

Zimesukwa mbili, zimefungwa utepe wa kijani. Mama Tinti akaongea. Akaongea polepole, akaongea kwa kubembeleza. Kisogo hakikutikisika. Siku nne, nilizihesabu mwenyewe. Nilikuwa nimekaa kando na Ciza magotini, nikiwa nimeshajiandaa kwa mwaka mzima wa kile kisogo, na hasira sina pa kuitupa. Hapo Ciza, ambaye kwake kila kinachong'aa ni chakula, akajirusha mbele akailamba simu.

Sijui upande wa pili ilionekanaje. Lakini kile kisogo kilishtuka, kikageuka nusu. Shavu likaonekana, na jicho moja. Akauliza kitu.

"Ciza," akajibu Mama Tinti. Nikamwinua mtoto vizuri. Tinti akageuka mzima. Alikuwa na pengo mbele, na mama yake hakuwa akilijua lile pengo, nikaona alivyolitazama.

Kisha mtoto akauliza swali lingine, refu kidogo, amekunja uso. Mama Tinti akafungua mdomo. Akanitazama mimi. Akaitazama simu, simu yangu, yenye jina langu. Mlangoni alikuwa amesimama Gao, mikono nyuma, anajifanya anaangalia mvua ambayo haikuwepo. Mama Tinti akajibu maneno machache tu.

"Kauliza nini?" nikamnong'oneza.

"Kwa nini sikupiga siku nne."

"Ukamwambia?"

"Nimesema nilisahau."

Ningeweza kumpasua mtu. Mwanamke huyu hakuwa amekula tangu Jumapili. Nilitaka niinyakue ile simu niseme kwa Kirundi, kwa Kiswahili, kwa lugha yoyote, hakusahau, mwanangu, mama yako hajasahau hata dakika moja. "Si kweli," nikasema. "Mwambie ukweli. Mtoto atakuonaje?"

"Ataniona msahaulifu." Hakuniangalia, alikuwa anatabasamu kwenye kioo kwa ajili ya mtoto. "Ukweli haupiti hapa. Ukifungiwa na wewe, kesho nitampigia kwa nini?"

Mlangoni Gao akakohoa.

Tinti alikuwa anafikiri. Akaondoka, tukasikia droo, akarudi na kalamu. Akaanza kutoa maagizo, kidole juu, kama mwalimu wa zamu. Mama Tinti akaanza kucheka, machozi yakishuka bila aibu.

"Anasema mtu akisahau anaandika. Mwalimu wao ndivyo anavyowafanyia. Niandike mkononi saa ya kumpigia, kila siku, nimwonyeshe."

Nilikuwa na kalamu yangu ya darasa la jioni kwenye mfuko wa aproni. Nikampa. Akaandika kiganjani, akakiinua mbele ya simu. Tinti akakikagua, akatikisa kichwa kwamba inatosha. Kisha akanielekezea mimi kile kidole.

"Anasema na mwenye simu aandike," akasema Mama Tinti. "Mimi haniamini tena."

Nikamweka Ciza chini, nikapangusa unga, nikanyoosha kiganja. Nikaandika saa tisa, kwa herufi kubwa, nikamwonyesha. Hajui Kiswahili, lakini alisoma mpaka mwisho.